Oili ya kuongezea kwenye gari ya spoti: tafuta chupa ya lita moja, dumu liache dukani

Juzi imebidi nimwage oili niliyoiongeza kwenye injini siku moja tu kabla, na kosa halikuwa la oili, kosa lilikuwa la dumu. Ndo maana naandika. Ukitafuta mwongozo wa kununua oili utakuta kila mtu anabishana kuhusu unene na aina, hakuna anayekwambia uangalie chupa yenyewe, wakati kwa hizi gari mpya za spoti chupa ndiyo inayoweza kukuharibia siku.

Iko hivi. Naendesha Porsche 911, ile ya kizazi cha 991, na gari hii haina stiki ya kupimia oili. Ukifungua boneti ya nyuma hata injini huioni, unaona feni mbili na vizibo, cha oili na cha maji, basi. Oili unapima kwenye skrini mbele ya usukani, gari ikiwa sehemu tambarare, injini imeshapata moto na inaunguruma palepale, unasubiri sensa imalize kuhesabu ndo inakuonyesha mstari umefika wapi. BMW nyingi za siku hizi nazo ni hivyohivyo, unaagiza kipimo kwenye menyu unasubiri. Sasa mstari wangu ukawa umeshuka karibu na alama ya chini, nikaenda dukani nikaomba lita moja. Muuzaji akasema lita moja hana, chukua dumu la lita 5, itabaki akiba. Nikachukua.

Dumu la lita 5 likijaa ni zaidi ya kilo 4, na mdomo wake uko pembeni. Ukilinyanyua juu ya tundu la oili, mkono umenyooka, mgongo umeinama, oili inaanza kutoka taratibu halafu ghafla gubu! gubu! gubu! kwa sababu hewa inagombania kuingia palepale oili inapotokea. Ubavuni hakuna alama hata moja ya kukuonyesha umemimina kiasi gani. Mimi nilitaka kama nusu lita, nikakadiria kwa macho, nyingine ikamwagikia pembeni na harufu ya oili inayoungua ikanifuata safari nzima. Kupima tena ni mpaka injini ipate moto upya, kwa hiyo nimejua nimezidisha baada ya kuendesha, mstari umepita alama ya juu kabisa.

Na kuzidisha si jambo dogo. Oili ikizidi, kwenye injini ya sampu ya kawaida (sampu ni lile bakuli la oili chini ya injini) krenki, ule mhimili unaozunguka, inaipiga mpaka inatoa povu, na povu halilainishi beringi. Kwenye injini nyingine ziada inavutwa kupitia njia ya hewa ya injini, inaingia kwenye silinda, inaungua, unaona moshi wa bluu nyuma na katalaiza, kile kisafisha moshi cha ekzosi, inaanza kuchafuka. Nikamwita fundi akaja na pampu yake ya kunyonyea oili, akazunguka gari yote halafu akaniuliza, dada, mrija niupitishie wapi? Hakuna pa kupitisha, ile pampu inaingilia kwenye bomba la stiki na stiki haipo. Ikabidi gari inyanyuliwe, nati ya chini ilegezwe, oili imwagwe kidogokidogo kwenye beseni, kazi ya nusu siku kwa kosa la sekunde kumi.

Kwa hiyo mimi napanga hivi.

Namba moja, na sifichi upendeleo wangu, ni Mobil 1 FS 0W-40 (0W-40 ni namba ya unene) ya chupa ya lita moja. Porsche wanajaza Mobil 1 kiwandani tangu 1996, Nissan GT-R ilitoka kiwandani na Mobil 1 0W-40, na Corvette wanaitumia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, hao si watu wa kubahatisha. Nyuma ya chupa unakuta imeandikwa Porsche A40 na MB 229.5, idhini za Porsche na Mercedes-Benz, yaani imepimwa na wenye gari na imekubaliwa. Lakini hata ingekuwa oili ya malaika, ukiuziwa kwenye dumu bila alama nakwambia subiri, tafuta chupa ndogo. Lita moja unaishika kwa mkono mmoja, haikuchoshi, na hata ukimimina yote hasara yake ina mwisho. Angalizo moja: kama 911 yako ni mpya yenye filta ya chembechembe kwenye ekzosi, kitabu kitakutaka oili ya C40, idhini nyingine ya Porsche, na hapo A40 isikuingie kabisa, ina majivu mengi zaidi na majivu ndiyo yanayoziba ile filta. Mobil 1 wanayo ya C40 pia, omba hiyo.

Namba mbili ni oili yenye nembo ya kampuni ya gari lako, ile chupa rasmi. Ni salama, huhitaji kusoma chochote, na mara nyingi inakuja kwa lita moja. Kinachoniuma ni kwamba kampuni za magari hazichimbi wala hazichanganyi oili, wanatengenezewa na haohao wa oili, halafu nembo inapandisha bei. Ukiwa safarini na hujui kingine, nunua.

Namba tatu nawaweka pamoja Shell Helix Ultra, Castrol EDGE, Motul 8100 na Liqui Moly. Ni oili nzuri, sina ugomvi nazo, ila jina la mbele halitoshi kwa sababu kila moja ina matoleo mengi yanayofanana kwa macho na mgongoni ni tofauti kabisa. Geuza chupa usome. Na usome vizuri, maana kuna sentensi mbili zinazofanana kama mapacha: moja inasema oili imeidhinishwa na kampuni ya gari, nyingine inasema inafaa au inapendekezwa kwa magari yanayohitaji kiwango fulani. Hiyo ya pili ni maneno ya muuza oili mwenyewe, hakuna aliyempima. Kwa Corvette mpya tafuta dexosR, kiwango cha General Motors wanaoitengeneza, iwe na namba ya leseni kwenye lebo.

Namba nne dumu la lita 4 au 5. Hili ni la sevisi, siku unamwaga yote na kujaza upya. Kama umelazimika kulitumia kuongezea, usimimine moja kwa moja, weka kwanza kwenye jagi lenye alama za mililita. Na ligeuze, mdomo uwe upande wa juu, si upande wa chini karibu na tundu. Ukilishika hivyo hewa inapita juu, oili inapita chini, haipigi gubu tena. Najua linaonekana kama umelishika kinyume, lakini lilitengenezwa hivyo, jaribu kwa maji kwenye dumu tupu utaona.

Zile za bei rahisi zisizo na idhini yoyote mgongoni sina la kusema, gari ya spoti usiipe.

Ila nitofautishe kitu. Kama uko njiani, taa ya oili imewaka ya njano na duka lililopo lina oili ya kampuni nyingine, ongeza hiyohiyo. Oili za injini zinachanganyika, halitatokea balaa. Balaa ni kuendelea bila. Kwenye kona kali oili inakimbilia upande mmoja wa sampu, ikiwa chache bomba linavuta hewa, beringi zinakauka na injini inanoki. Na ikiwa taa nyekundu ya presha imewaka, hapo si suala la kuongeza tena, zima injini palepale uliposimama.

Sasa wauzaji. Hivi kwa nini lita moja haipatikani? Nimepita maduka matatu, yote rafu zimejaa madumu. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba chupa ndogo zinajaza nafasi bure na faida hamna. Mwingine alikuwa nayo, lakini ukipiga hesabu ya lita kwa lita bei yake iko juu sana kuliko ya dumu, na ni oili ileile, kiwanda kilekile. Wanajua mwenye gari ya spoti atalipa tu. Halafu wa tatu akataka kunipimia kutoka kwenye dumu lililofunguliwa, anijazie kwenye chupa ya maji. Hapana! Oili ambayo sijavunja sili mwenyewe siinunui, sijui imekaa wazi siku ngapi wala ndani ni nini. Na ukimuuliza kuhusu idhini anakujibu zote sawa dada, ilimradi sinthetiki. Zote si sawa, na wewe ndiye utakayefungua injini, siyo yeye.

Siku hizi naongeza hivi: injini ikishapima namimina mililita 200 kwenye jagi, natia, naacha ishuke, naendesha, napima tena. Naishia mstari ukiwa chini kidogo ya alama ya juu, sifukuzii kuujaza mpaka mwisho. Corvette C8 inabeba kama lita 7 na mtu anadhani nusu lita kwenye lita 7 haionekani, lakini ile nafasi kati ya alama ya chini na ya juu ni ndogo kuliko injini nzima, na ndiyo unayocheza nayo. Kwenye buti natembea na chupa moja ya Mobil 1 haijafunguliwa, imesimama wima ndani ya mfuko wa plastiki, na faneli yenye shingo ndefu pembeni yake. Lile dumu lina lita 4 na kitu, nimeliandika tarehe kwa maka peni, linasubiri sevisi.