Tsumeb au Kilembe: migodi miwili ya zamani ya shaba

Kwa mpenda mawe, Tsumeb ya Namibia haina mpinzani. Maji yalipenya mwamba wake wa dolomaiti, jamii ya chokaa, hadi kina kirefu, yakabadilisha madini ya salfa na kuzaa aina zaidi ya 300 za madini. Shika kipande cha huko cha dayoptesi, madini ya shaba: fuwele za kijani kibichi, angavu kama kioo, zimekaa juu ya kalsaiti (madini ya chokaa) nyeupe. Azuraiti yake, nayo madini ya shaba, ni buluu nzito, na pengine utaona fuwele moja nusu buluu, nusu kijani, kwa kuwa imeanza kugeuka malakaiti, madini ya shaba ya kijani. Kilembe ya Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, haina mapambo hayo; kuna kalkopiriti ya manjano (madini ya shaba, chuma na salfa) na piriti (madini ya chuma na salfa) yenye metali ya kobalti, basi.

Kihistoria naegemea Kilembe, japo kwa tofauti ndogo. Reli ilifika Kasese, mji ulio karibu na mgodi, mwaka 1956 kwa ajili ya shaba hiyo, na baadaye bakteria walitumiwa kutoa kobalti kwenye masalia ya piriti! Tsumeb ilifungwa 1996, lakini Waovambo, watu wa kaskazini mwa Namibia, walikuwa wakiyeyusha shaba yake kabla Wajerumani hawajafika.