Kundi letu ya ordinatere ya siku ya posho hapa Bukavu

Miezi saba sasa niko nafika kila siku ya posho mu hii kundi ya ordinatere huku Nguba, na naandika juu batu bengi bananiuliza kama inasaidia ama ni kupoteza saa. Inasaidia sana. Mie niko na sekretaria kadogo pa Nyawera, naandikia banafunzi TFC (ile kazi ya kumaliza masomo), naemprime, nafanya fotokopi, ile njo kazi inatulisha na batoto.

Mbele nilisoma ku senta moja ya informatike, nililipa dola 60, miezi mbili tunaandika mu kaye "ordinatere ni nini", mashini mbili kwa batu kumi na tano, mwishoni wakanipa breve ya muhuri na hata kufanya jumla mu Excel sikujua. Roho iliniuma, juu zile makuta zilitoka ku likelemba, ile kuchangiana makuta kwa zamu.

Huku hakuna mwalimu. Unakuya na shida yako na mashini yako, unasema "bandugu, angalieni hii", mwenye anajua anaikala pembeni lakini hagusi klavye, mikono ni yako. Siku ya kwanza nilileta hesabu yangu, napiga SOMME, ile fomula ya jumla, inatosha 0, nikazani mashini imekufa. Kijana moja akaniambia: mama, angalia, namba zako zimeegama kushoto. Kumbe nilikuwa naandika "2500 FC" (franga za Kongo) mu kila kaze, na Excel ikiona FC pale inasoma maneno, haisomi hesabu, namba ya kweli inaegamaka kuume. Basi toa FC yote, chagua kolone, bonyeza suri kuume, Format de cellule, Personnalisée, andika 0" FC", FC inajitokeza yenyewe na jumla inatoka. Ile mangaribi nilirudilia hesabu ya mwezi muzima nikaona karatasi inanikula makuta kupita vile nilizani.

Alafu fulashi. Banafunzi banakuya na fulashi zenye zimezunguka siber zote, unafungua unakuta TFC imegeuka rakursi tupu (vialama vya njia ya mukato, fishye yenyewe huioni), mwana wa batu machozi inamujaa. Zamani nilikuwa naformate, Mungu anisamehe, kumbe fishye hazipotee, virusi inazificha tu. Fungua invite de commandes, ile dirisha nyeusi ya kuandika amri, andika attrib -h -s -r /s /d E:\*.* (pa nafasi ya E weka herufi ya fulashi yako), ngoja kidogo, dosye zinarudi. Zile rakursi usizibonyeze kabisa, na kisha pitisha antivirusi.

Programu pia tunagawana mu fulashi, mutu moja anashusha LibreOffice, programu ya kuandika na ya hesabu sawa Word na Excel, ni zaidi ya mega 300, bengine tunakopi, na ni ya bure kweli, haiombe zile krake (za kufungua programu ya makuta bila kulipa) zenye zinatuletea virusi.

Yenye hainifurahishi: banasema saa munane lakini banaanzaka saa tisa, prizi ni nne tu na kuraa inakatikaka, kwa hiyo chaji beteri ku nyumba na uleta franga 1000 ya esanse ya groupe, ile mashini ya kutoa kuraa. Na bamama tuko batatu tu, dada zangu ba sekretaria mukuye jamani, hakuna mwenye atakucheka.

Posho yenye inakuya tunaangalia RECHERCHEV, ile fomula ya Excel ya kutafuta kitu mu listi, nitaleta listi yangu ya banafunzi benye habajamaliza kunilipa.