Bansko ni pazuri, lakini vifaa nitakodi mwenyewe

Yeyote anayepanga kwenda kuteleza kwenye theluji Bansko, kule Bulgaria, asome hapa kabla hajalipia kifurushi. Wakala alitupangia kila kitu, nyumba, basi la kutoka Sofia, mwalimu na vifaa, nasi tukalipa mapema tukiwa huku Ujerumani. Mengine yote yalikwenda vizuri. Vifaa nusura vimvunje goti binti wa kaka yangu.

Duka alilichagua wakala. Tulifika jioni, foleni imejaa, na kijana wa kaunta hamtazami mtu usoni. Buti za ski, yaani zile mbao ndefu za kutelezea, saizi yake ni sentimita za unyayo, kwa hiyo mteja husimamishwa kwenye kipimo. Huyu hakupima chochote. Alitupa jicho miguuni, akavuta buti rafuni, akamsukumia mtoto. "Shangazi, zinanibana kweli," akaniambia. Nikamweleza yule kijana, tena kwa upole. Akajibu kwa sauti ya kusikiwa na duka zima kwamba hizi si ndala, na asiyejua ski abaki kwao. Mbele ya mtoto wa miaka kumi na tano! Watu wote wakageuka. Mle ndani weusi tulikuwa sisi peke yetu, na hapo sitaongeza neno.

Lakini matusi ningeyameza. Kilichonikaa rohoni mpaka leo ni vile vibanio vinavyoshika buti kwenye ski. Ukianguka vinatakiwa viachie. Visipoachia, ski inapinda na goti linapinda nayo. Vikazwe kiasi gani, hilo linategemea kilo zako, kimo, umri, urefu wa soli ya buti, na kama ndiyo kwanza unajifunza. Lazima uulizwe. Yeye hakuuliza hata kilo. Alizungusha bisibisi mara mbili tatu, akaita mwingine.

Sasa Bansko yenyewe iko chini ya mita 1,000, na wanaoanza hujifunzia Banderishka Polyana, kwenye mita 1,600 hivi. Unapanda kwa gondola, yaani vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, na asubuhi foleni yake ni ndefu kwelikweli. Ukigundua kasoro huko juu, kurudi dukani kubadilisha ni siku imekwisha. Ndiyo maana kipimo cha jioni ile kilikuwa na uzito wote.

Mtoto akaanguka asubuhi iliyofuata, kuanguka kwa kawaida tu kwa mtu anayejifunza. Ski haikuachia. Nilimsikia akilia kabla sijamwona. Mwalimu wetu, mzee mtaratibu wa palepale mjini, akapiga magoti kwenye theluji, akalishika goti polepole, kisha akachungulia kidirisha kidogo kwenye kibanio, kinachoonyesha kimekazwa kiasi gani. Namba 7. "Una kilo ngapi, binti?" Hamsini. Mzee wa watu akakunja uso, akambebea zile ski mwenyewe hadi kwenye karakana ya huko juu, akasimama hapo mpaka zikateremshwa hadi 3.5. Nusu! Mungu ambariki mzee yule. Ndiye mtu wa kwanza Bansko kumuuliza mtoto swali ambalo duka zima halikuuliza.

Jioni tulikwenda duka lingine, tukalipa upya, wakatupima wote hadi soli. Baada ya hapo, jamani, sina la kulalamikia. Milima ya Pirin, ambayo hifadhi yake ya taifa iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1983, ni mizuri hata kwa asiyeteleza. Mehana, yaani migahawa yao ya kienyeji, wanakuletea kavarma, mchuzi mzito wa kuku, ikichemka kwenye chungu cha udongo. Bei huwezi kulinganisha na za Alps, na tangu Januari 2026 wanatumia yuro, hakuna tena kuhangaika kubadilisha hela. Nilishaanza kusema nyota tano, na mtoto mwenyewe anataka turudi.

Kisha likaja jibu la wakala kwa malalamiko yangu. Mistari miwili: wanasikitika kwa usumbufu, na wanatupa punguzo tukikodi tena kwenye duka lilelile. Usumbufu! Basi nyota tano ni za mlima na za mzee yule. Wakala na duka lake hawapati hata moja, na punguzo lao silitaki. Nataka yule kijana aondolewe kwenye bisibisi mpaka afundishwe kuuliza kilo.