Tahadhari: muuzaji wa mtandaoni ameniuzia mafuta ya maganda ya chungwa akisema ni ya majani ya mdanzi

Watengeneza sabuni na losheni wenzangu, someni hili kabla hamjatuma pesa.

Nilinunua mtandaoni mililita 100 za mafuta ya majani ya mdanzi (mchungwa mchungu) kwa shilingi 85,000. Chupa ya kahawia, lebo imeandikwa "asili 100%". Nilipofungua tu, nikahisi kama mtu anamenya chungwa mbele yangu. Mafuta ya majani ya mdanzi hayanukii hivyo. Yana ubichi na uchungu wa jani lililofikichwa, na nyuma yake utamu wa maua.

Nikadondosha tone kwenye karatasi nyeupe: doa la rangi ya chungwa, na saa moja baadaye harufu imekwisha. Ya majani hukaa karatasini saa kadhaa. Nikapima kwenye mizani, mililita zote 100 zikatoa gramu 84. Ya majani hufika 88 hivi.

Hapo nikalipia kipimo cha maabara. Limonini, kiambato kikuu cha mafuta ya maganda ya chungwa, 94%. Asetati ya linalili, kiambato cha harufu ambacho kwenye majani ya mdanzi huwa karibu nusu ya mafuta yote, haikuonekana kabisa. Hayo ni mafuta ya maganda ya chungwa tamu, mabaki ya viwanda vya juisi, ndiyo maana bei yake ya kweli iko chini sana.

Nilipomwuliza muuzaji akanijibu, "Dada, jani na ganda si mti mmoja?" Hata mti wenyewe si mmoja! Halafu akanifungia simu.

Nina miche 40 ya sabuni yenye mafuta hayo niliyoizuia isitoke. Limonini iliyokaa na hewa hubadilika ikaanza kuwasha ngozi, na mimi sijui chupa ile ilikaa wazi muda gani. Tena angeweza kukuwekea maganda ya limau au ndimu yaliyokamuliwa: yana kemikali za furanokumarini, ukipaka losheni yake ukatoka juani ngozi inaungua. Mtu anayempaka mtoto atajuaje?

Mwulizeni muuzaji yeyote: ni jani lililokenekwa kwa mvuke, au ganda lililokamuliwa? Dai cheti cha maabara cha mzigo huohuo, chenye asilimia za viambato. Neno "asili" halikusaidii, maana hata haya aliyoniuzia ni ya asili.

Pesa hajarudisha. Jana nimeona chupa zilezile, lebo ileile, zinatangazwa kwa jina jipya la akaunti.