Tathmini ya desa la bayokemia ya awali linalouzwa Ng'ong'ona

Muhula huu nilinunua desa la bayokemia ya awali katika duka moja la steshenari huko Ng'ong'ona, mtaa ambao wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu cha Dodoma hupanga vyumba. Kwa msomaji asiyelifahamu neno hili, desa ni mkusanyiko wa maelezo ya somo ambao darasa moja huliachia darasa linalofuata, na maduka huudurufu na kuuuza. Hili lina kurasa 112, limefungwa kwa spairo, na nililipa shilingi 6,000. Nimelitumia kwa wiki 9, na ninawaandikia wenzangu wa mwaka wa kwanza ambao bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, likiingia watasimama mbele ya kaunta ile wakijiuliza kama walichukue au wapite.

Ubora wake mkubwa uko katika sura ya glaikolisisi, yaani hatua ambazo seli hupitia kuvunja sukari ya glukosi ili kupata nishati, na kwa sura hiyo peke yake ningelinunua tena. Wengi wetu tulianza somo hili kwa kukariri hatua zote 10, tukaweza kuzitaja kwa mpangilio bila kusita, lakini swali likigeuzwa kidogo tulikwama. Mwandishi wa desa, ambaye jina lake halimo popote, anaanza kwa kuhesabu kaboni: glukosi inaingia na kaboni 6, inakatwa katikati kuwa vipande 2 vya kaboni 3, na mwishoni zinatoka piruveti 2. Baada ya hapo anafuatilia ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, kama mwenye duka anavyofuatilia daftari la mauzo. Seli inatumia ATP 1 katika hatua ya kwanza na nyingine katika hatua ya tatu, inapokea 2 katika hatua ya saba na 2 tena katika hatua ya kumi, hivyo kinachobaki mkononi ni 2. Hatua zisizorudi nyuma, yaani ya kwanza, ya tatu na ya kumi, amezichorea mishale minene, na kando ya ile ya tatu ameeleza kwamba ATP ikiwa nyingi kimeng'enya (protini inayoharakisha mmenyuko) cha fosfofruktokinesi hupunguza kasi, kwa kuwa seli haina haja ya kuchoma sukari wakati nishati ipo. Nilipoisoma sehemu hiyo mara ya pili niliweza kuichora njia yote kwenye karatasi tupu, nikiongozwa na hesabu badala ya kumbukumbu.

Sehemu ya uchachushaji nayo imeandikwa na mtu anayeijua Dodoma. Mfano wake ni zabibu, na mimi niliyekulia karibu na mashamba ya Hombolo niliisoma kwa furaha ya pekee. Hamira iliyomo kwenye juisi ya zabibu isipopata oksijeni, NADH, molekuli inayobeba elektroni zilizotolewa kwenye sukari, hukosa pa kuzipeleka, na NAD+, ambayo ni umbo lake lisilo na mzigo, ikiisha, glaikolisisi husimama katika hatua ya sita. Kwa hiyo hamira huondoa kaboni dayoksaidi kwenye piruveti, kisha huipa elektroni hizo asetaldehidi inayobaki, ambayo hugeuka kuwa ethanoli, na NAD+ hurudi kazini. Miaka yote nilidhani kwamba hamira inakusudia kutengeneza pombe, kumbe inatafuta kurudisha NAD+. Ningependa pia Eduard Buchner atajwe hapo, kwa sababu mwaka 1897 alionyesha kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye hamira iliyosagwa yanachachusha sukari bila seli hai, na somo letu la vimeng'enya limejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya ugunduzi huo.

Sura za wanga na lipidi ni za kawaida, na ile ya vimeng'enya inatosha kwa jaribio.

Sasa nije kwenye kasoro, ambayo iliniumiza. Ukurasa wa 11 unaonyesha umbo la asidi amino katika pH ya seli, ambapo kundi la amino hubeba chaji chanya na kundi la kaboksili hubeba chaji hasi. Desa hili limedurufiwa kutoka nakala iliyodurufiwa mara nyingi, na alama ya kujumlisha juu ya kundi la amino imefifia hadi kutoweka, huku alama ya kutoa ikibaki nyeusi kabisa. Nilijifunza kama nilivyoona. Katika jaribio la kwanza tuliulizwa glaisini (asidi amino mojawapo) itaelekea wapi kwenye elektroforesisi, yaani kutenganisha molekuli kwa umeme kulingana na chaji zake, katika pH ya karibu 6, nami nikajibu kwamba itavutwa upande chanya, ilhali chaji zake mbili hufutana na haielekei upande wowote. Nilipoteza alama za swali zima.

Kasoro ya pili ni ya maudhui. Ukurasa wa 58 unasema glukosi moja hutoa ATP 38, na ukurasa wa 63 unasema 32, bila maelezo yoyote. Hesabu ya zamani iliipa kila NADH ATP 3 na kila FADH2, mbebaji mwingine wa elektroni, ATP 2. Ya sasa inazipa 2.5 na 1.5. Kwa NADH 10 na FADH2 2, ukijumlisha ATP 4 zinazopatikana moja kwa moja, ya kwanza inafika 38 na ya pili 32. Mistari miwili ingetosha kumwondolea mwanafunzi mashaka hayo.

Nilirudi dukani na nakala yangu niliyoisahihisha kwa wino mwekundu. Dada anayehudumia pale aliitazama kwa makini, akaniambia, "Pole, mdogo wangu. Sisi tunatoa kopi tu, hayo ya ndani hatuyajui." Nilimwomba aifanye nakala yangu kuwa ya kudurufia, naye akakubali, akaifungua spairo palepale na kuupitisha ukurasa wa 11 kwenye mashine. Wino mwekundu ulitoka mweusi na alama ya kujumlisha ikasomeka. Hata hivyo nakala za zamani bado ziko rafuni, kwa hiyo kabla ya kulipa fungua ukurasa huo, na kama alama haipo, omba nakala nyingine.