Azalia: Usilipe Kabla Hujaliona Ua

Azalia ni kichaka cha maua cha bustani. Vyangu vinne vilivyo chini ya dirisha hapa Georgia, Marekani, nilivinunua Oktoba, vikiwa majani matupu. Kibandiko kilisema "azalia, pinki", basi. Zilipochanua nikaona zambarau kali, ua moja inchi 3. Kumbe ni azalia aina ya Formosa! Hicho ni kichaka cha futi 8 hata 10, na sasa sebule yangu ni giza. Kukata ndiko kunakoniuma zaidi: azalia hutunga vichomozo vya maua ya mwaka ujao wakati wa kiangazi, kwa hiyo ukichelewa na mkasi umekata maua yenyewe.

Habari za rangi siandiki, kila mtu ana macho. Wewe pima ua, maana ua ndilo litakalokuambia kimo. Ua la inchi moja au moja na nusu, yamesongamana mpaka majani hayaonekani, hiyo ni jamii ya Kurume kutoka Japani, na kichaka chake ni kifupi. Ua kubwa la Machi au Aprili, shtuka. Ua kubwa linalosubiri Mei au Juni mara nyingi ni jamii ya Satsuki, nayo hubaki chini, usiiogope.

Namba moja kwangu ya kununua ni azalia za kundi la Encore, wala sifichi. Buddy Lee wa Louisiana alizizalisha kwa kuchanganya azalia za kawaida na ile ya Taiwan inayochanua kiangazi, ndiyo maana zinarudia kuchanua hadi Oktoba. Yaani hata msimu niliodanganywa mimi, ua ungeliona dukani. Na kila chungu kina jina na kimo. Chukua mfano wa Encore iitwayo Autumn Embers, futi 3 hivi, rangi ya chungwa iliyokolea.

Namba mbili, Coral Bells ya Kurume. Tazama ua lake: limekaa ndani ya ua jingine, kama vikombe viwili vilivyopachikwa. Tatu, Gumpo ya Satsuki, petali zenye mawimbi. Formosa ipande mwisho wa uwanja, mbali na nyumba.

Za bei rahisi zisizo na jina, pita.

Nilirudi kwa muuzaji na picha ya ua. Akaniambia pinki ni pinki. Dola 34 kila chungu, ndugu zangu, na jina la mmea lilikuwa neno moja tu la kuandika.