Ngosi na kikoba chetu: nyota nne

Kikoba chetu cha Soweto, hapa Mbeya mjini, kina makada wa CCM na makamanda wa CHADEMA. Tangu uchaguzi wa Oktoba 2025 watu walikuwa wanakuja, wananunua hisa, wanaondoka. Jimbo lenyewe mnalijua: CHADEMA walilichukua 2010, CCM wakalirudisha 2020, na kila upande una vidonda vyake. Mweka hazina aliposema safari hii tusile hotelini, twende Ziwa Ngosi, mimi nilijua tunahamishia ugomvi porini.

Tulichukua vijana wa kijijini wanaoongoza wageni, ukiacha lami ya Mbeya–Tukuyu. Mwanzoni njia si ngumu, kila mtu anatembea na wa kwake, maneno ya chinichini. Ukikaribia ukingo wa kreta, mlima unasimama wima, mizizi ndiyo ngazi, na lile tope la Rungwe halina adabu. Hapo kiongozi, kijana mdogo tu, akagawa fimbo za mianzi, moja kwa watu wawili, bila kuuliza nani ni wa nani. Balozi wetu wa nyumba kumi akajikuta ameshika ncha moja, ncha ya pili anayo fundi welda ambaye hawakusalimiana tangu kampeni. Mzee akiteleza, fundi anakaa chini kwenye tope kama nanga.

“Umeshika, mzee?”

“Nimeshika, mwanangu, vuta taratibu!”

Juu ukungu ulipofunguka, ziwa lile hapo chini, kijani kibichi. Balozi akadai hata Ngosi ina kadi ya CCM, si mnaona kijani. Fundi akamwambia, “Mzee, tazama juu,” na anga ni la bluu, rangi ya CHADEMA. Wakahamia kwenye maji, kwa kuwa huoni mto wowote ukitoka ziwani. Balozi anasema yanapita chini ya ardhi, fundi anasema yanakaushwa na jua. Jua lipi, la milima hii ya Uporoto?

Siasa zenyewe zilirudi wakati wa kushuka, tena za moto, ila kwenye utelezi walikuwa wanasubiriana ili wamalize hoja. Sisemi kuna aliyehama chama. Hakuna. Ila kikao kilichofuata kilichelewa kufungwa, na si kwa sababu ya hesabu.

Kasoro sasa. Tulipatana saa moja asubuhi, kiongozi akatokea saa tatu. Ndizi nyama tulizolipia zilikuja zimepoa, na kwa baridi ile hilo ni kosa kubwa. Sh 15,000 kwa kichwa naona ni haki, usafiri juu yenu. Nendeni kiangazi, vaeni viatu vyenye meno, na kama kundi lenu lina watu wasioongea, mnong’onezeni kiongozi mapema apange fimbo vizuri.

Nyota ya tano nawadai mpaka wajenge choo.